Michembe Yangu Imenisema Mbele ya Kikundi

Leo simu imenivua nguo mbele ya wanawake wenzangu wote wa Masumbwe.

Mjukuu wangu Kabula kasomea kompyuta. (Ndiyo, wangu mimi, nisiyemaliza hata la nne!) Katengenezea kikundi chetu programu ya simu. Sisi tunauza michembe, vile viazi vitamu tunavyokata na kuanika, tunawapelekea wachimbaji kule Nyarugusu. Leo kikundi kilikuwa kinaamua: kimpe Kabula kazi, au aendelee kukaa nyumbani na cheti chake.

Kila gunia unalijazia jina lako, kijiji, na ukavu. Ukavu tunapima kwa meno. Unauma mchembe, ukilia ka! umekauka.

Langu halikukauka. Mvua ilinyesha nikiwa kwa jirani napiga soga. Lakini juzi nilimsikia Kabula akinung'unika peke yake: "Sehemu ya ukavu ikiachwa tupu, inakataa. Ikifutwa kabisa, inapita! Haiwezekani." Nikaliweka hilo kichwani. (Masikio yangu hayajazeeka.)

Zamu yangu ikafika. Nikajaza jina. Nikajaza kijiji. Penye ukavu nikabonyeza alama ya kufuta, pakapotea. Nikatuma, natabasamu kama bibi harusi.

Sasa, Kabula kaifanya programu iseme kwa sauti, maana wengi wetu kusoma kunatushinda. Ikapaza: "SEHEMU YA UKAVU HAIPO. GUNIA LIMEKATALIWA."

Mayu wane, mama yangu!

"Bibi yake Kabula, imekwenda wapi?" akauliza mwenyekiti, Mama Masanja. "Sisi wote tumeikuta."

"Programu mbovu hiyo!" nikaropoka. (Ya mjukuu wangu! Siku anayoombea kazi!)

Kabula akainamisha macho. "Si mbovu, Bibi. Asubuhi nimeirekebisha. Sasa inauliza kwanza kama sehemu ipo, ndipo inaangalia kilichoandikwa."

Mama Masanja akachomoa mchembe kwenye gunia langu, akauma. Kimya. Akaukunja. Ukapinda kama kandambili!

"Huu tuwapelekee wachimbaji waule, au wauvae?"

Wanawake wakagaragara kwa kicheko. Mmoja kanga ilimdondoka, hakujali. Mimi natafuta shimo, hata la wachimbaji, nidumbukie.

Mama Masanja akafuta machozi, akamgeukia Kabula. "Binti, kama imemkamata bibi yako, hakuna wa kuponyoka hapa. Kazi umepata."

Kwa hiyo msinicheke. Kazi ya mtoto nimemtafutia mimi. Sasa niacheni, niko uani nageuza michembe.