Mkaa Dhidi ya Shaba

Jumatatu, Mei 20. Vwawa.
Kahawa ya mke wangu Ferista bado ina maji vichanjani. Wiki nzima ukungu na manyunyu. Lori la chama cha ushirika linakuja Jumamosi, na kahawa yenye unyevu hawapokei. Msimu wake wote uko hapo. Nimeamua kuikausha kwa umeme, bila waya wa shaba. Nimesoma kwamba ndani ya sayari kubwa hata hewa, ikibanwa na kupata joto kali, hupitisha umeme kama chuma. Mkaa utashindwaje? Nimetwanga, nimejaza unga kwenye bomba la udongo chini ya kichanja cha kwanza.

Jumanne, Mei 21.
Umeme haupiti. Felix, fundi umeme jirani, alisimama uani hadi akamaliza muhogo wake. Akauliza kama profesa anakausha kahawa au anazika paka. Nikamjibu kwamba elimu yake inaishia kwenye bisibisi.

Jumatano, Mei 22.
Kosa limeonekana: unga umelegea. Nimekwenda Tunduma. Binamu yangu Anyosisye yuko siku ya tano kwenye foleni ya mpakani, na lori la shaba kutoka Zambia. Nimeazima jeki yake. Akauliza ya nini. Nikasema ya kuiachisha kazi shaba yako. Akaomba niirudishe kabla foleni haijasogea. Kwa hiyo sina haraka.

Alhamisi, Mei 23.
Jeki imeubana unga. Umeme umepita! Bomba likapata joto, Ferista akatabasamu, mara ya kwanza tangu Pasaka. Felix akasema zima, kaka: shaba ikipata moto hubana umeme, mkaa ukipata moto huuachia, utazidi hadi ukushinde huo. Wivu. Nimekaza jeki kidogo.

Ijumaa, Mei 24.
Alisema kweli, ila kwa nia mbaya. Joto lilizidisha umeme, umeme ukazidisha joto. Kahawa ya kichanja cha kwanza imeungua, mtaa mzima hauna umeme. Ferista alisema tu: Baba Imelda, kaa mbali na kichanja cha pili.

Jumamosi, Mei 25.
Karani wa chama alinusa punje moja, akasema wao hawachukui iliyokaangwa. Lori litarudi wiki ijayo. Ferista akaisaga, akawapikia majirani. Miaka ishirini tunalima kahawa na kunywa chai; leo tumeionja. Felix kanywa vikombe viwili, kisha kakabidhiwa jeki aipeleke Tunduma.
Hakuna aliyetaja kwamba hoja yangu imethibitika. Tatizo ni mkaa, una hasira. Chumvi ni pole, na ikiyeyushwa hupitisha umeme vizuri. Nimeshapata kilo kumi. Kimebaki kichanja cha pili, na Ferista ameketi kando yake tangu mchana, mchi mapajani. Anaogopa wezi, nadhani.