Rangi ya Muuaji

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi imeingia Nyololo na virago vyake vyote. Ukungu mpaka mlangoni. Malori ya mbao yanapita barabara kuu yamewasha taa, na saa tatu asubuhi imeshapita. Blanketi sina. La kwangu alilibeba mwanangu Lusekelo alipokwenda Chunya kutafuta dhahabu. Dhahabu haijaonekana, blanketi nalo halijaonekana. Nalala na koti, soksi na kofia, kama mlinzi aliyesahaulika lindoni.

Leo neema imeshuka. Shemeji Faustina, mdogo wake marehemu mke wangu, ameanzisha kikao nyumbani kwake, Jumatatu na Alhamisi alasiri. Bintiye Juliana yuko Mbeya, katuma kwa basi kitabu cha upelelezi na mfuko wa nyuzi za sufu. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafuma vipande vya blanketi, vya mraba, upana wa sahani. Kila mshukiwa wa kitabuni ana rangi yake. Sura ikiisha, unafuma kipande cha rangi ya mtu unayemshuku. Siku ya sura ya mwisho, mwenye vipande vingi vya rangi ya muuaji anabeba vipande vya wote. Anaviunganisha, blanketi ni lake.

Nikajiandikisha palepale. Shemeji akauliza tangu lini mikono yangu imefuma kitu kingine zaidi ya uongo. Nikamwambia nitafumia nyumbani, hapa nitasoma, darasa la nne la zamani ni chuo kikuu cha leo. Wakanikubali kuwa msomaji. Si kwa chuo hicho. Ni kwa sababu Philbert, karani mstaafu wa mahakama, anasoma kitabu kama anaita washtakiwa.

Alhamisi, 5 Juni

Habari za kitabu ni hizi. Mwenye duka la mikate kakutwa amelala kifudifudi kwenye donge la unga, amekufa. Hakuna bunduki, hakuna kufukuzana. Mpelelezi ni bibi mstaafu wa posta, ana paka, anazunguka kwenye nyumba za watu kunywa chai na kuulizauliza. Kazi hiyo nimeifanya maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniita mpelelezi.

Washukiwa watatu. Mjane wa marehemu, bluu. Mpwa wake, kahawia. Mfamasia wa duka la jirani, kijani.

Mimi namshuku mfamasia. Sababu zangu ni nzito. Mfuko wa nyuzi waliugawana wakati mimi niko kwenye maandazi, nikakuta mfuko mtupu. Nyumbani kulikuwa na sweta la shule la mjukuu, la kijani, limembana. Nimelifumua lote. Kwa hiyo muuaji ni mfamasia.

Kipande changu cha kwanza kimejikunja kama uyoga uliokaushwa. Nilimwonyesha Mbuke, Mama Makoye, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe, sasa ana duka hapa kando ya barabara. Huyo anafuma huku anatazama pembeni, na kipande kinatoka kimenyooka. Akauliza hicho ni kipande cha blanketi au kofia ya yai.

Jumatatu, 9 Juni

Vipande vya kijani vimeongezeka, vyote vina tabia moja ya kujikunja. Nikaona nisifume gizani. Nikaomba kwenda na kitabu nyumbani nifanye mazoezi ya maneno magumu. Shemeji akanitazama kama anavyomtazama kuku aliyesimama karibu na mtama wake. Halafu akasema chukua.

Nilishangaa. Mshangao ukaisha nilipofika nyumbani. Ameishona sura ya mwisho! Ukingo kwa ukingo, uzi mwekundu, mishono midogo kama meno ya panya. Anajua kabisa kwamba nikiufumua sitaweza kuurudisha vile.

Jumanne, 10 Juni

Sikufumua. Nimechungulia. Kuna tofauti.

Nimechukua sindano yangu ya kufumia, ile yenye ndoano, nikaunyanyua ukurasa wa kwanza wa sura ya mwisho. Ukaachia mdomo kidogo, kama bahasha iliyopunjwa gundi. Nikamulika kwa simu, jicho moja nimelifumba, kama fundi anayetafuta panya kwenye bomba. Bibi wa posta amewaita wote sebuleni. Paka yuko kwenye kiti. Mpwa anasimama, anasema mimi ndiye niliyemuua mjomba.

Basi. Shingo ilikuwa inaniuma na simu ikazima. Mtu kashasema mwenyewe, nitafute nini tena?

Shida ni moja. Muuaji ni kahawia na mimi nina kijani kitupu. Mwenye kahawia nyingi kuliko wote ni Mbuke.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda dukani kwa Mbuke. Nikaanza mbali. Nikauliza habari za ng'ombe, habari za malisho, habari za Makoye. Akasema mzee, ukishafika kwa ng'ombe wangu najua unataka kitu, sema.

Nikasema rangi ya kahawia inanipendeza, inaendana na umri wangu. Tubadilishane, vyangu vya kijani kwa vyake vya kahawia. Nikavipanga juu ya kaunta. Vikajikunja vyote kwa pamoja, kama vimepewa amri. Akasema huko ni kubadilisha ng'ombe kwa mikia. Nikaongeza jogoo. Akauliza yupi, yule anayechechemea? Nikasema hapana Mama Makoye, yule mwekundu, mwenye ua wake. Akafikiri muda wa kumpimia mteja sukari. Jogoo ni jogoo, akasema, blanketi bado ni hadithi. Tukabadilishana.

Mwanamke ana akili za biashara kiasi hicho, na nimempiga chenga. Nimerudi nyumbani naimba.

Alhamisi, 12 Juni

Leo ilikuwa kazi ya kuwatoa wengine kwenye kahawia. Shemeji anavyo kadhaa, Philbert pia.

Kitabu kinasema mpwa aligombana na mjomba wake. Mimi nikasoma kwamba alimkanda mjomba miguu. Kitabu kinasema mpwa alionekana akitokea mlango wa nyuma, viatu vina unga. Nikampeleka kwaya, viatu vya unga nikamvalisha mjane. Niliisoma sehemu ya kwaya kwa huzuni hata mimi nikaguswa.

Shemeji akashusha sindano yake. Akasema juzi huyo mjane alikuwa kitandani amevunjika mguu, leo anapiga mbio mlango wa nyuma? Nikasema dawa za siku hizi. Philbert akasimama, akakohoa kimahakama, akasema msomaji anafunua kurasa mbilimbili na anaomba kitabu kikaguliwe. Nikamwambia karani, mahakama ilishakustaafisha, na wewe tustaafishe sisi. Wanawake wakacheka, hoja ikafa. Shemeji akasema tu kwamba sura ya mwisho ataisoma yeye, koo langu limechoka kwa ubunifu.

Sawa tu. Wote wamehamia bluu, Philbert kwa shingo upande. Kahawia nimebaki peke yangu. Mbuke alikuwa anafuma kijani. Kwa hiari yake, uzi wake mwenyewe. Nilimwonea huruma, nikamsogezea andazi.

Jumatatu, 16 Juni

Leo ilikuwa siku ya sura ya mwisho.

Vipande vyote vilimwagwa mkekani, kila mtu na fungu lake. Philbert akaokota kimoja changu cha kahawia, akakigeuzageuza. Akasema kimenyooka mno, mkono wa huyu mzee haujawahi kunyoosha kitu. Na kule kwa Mama Makoye kuna vya kijani vilivyojikunja, vinajitolea ushahidi vyenyewe. Nikakubali tulibadilishana, kwani kuna kosa gani. Shemeji akasema sheria haikukataza, tuendelee. Nikampenda.

Akakata uzi mwekundu kwa mkasi, akasoma. Sebule. Bibi wa posta. Paka. Mpwa akasimama, akasema mimi ndiye niliyemuua mjomba.

Watu wa bluu wakaguna. Mimi nilikuwa nimeshatoa kiroba ndani ya koti. Nikaanza kukusanya. Nikawapa pole mmoja mmoja, Philbert nikampa mbili. Nilikuwa namalizia fungu la shemeji aliposema, bila kunyanyua macho, shemeji kaa chini, kurasa bado zipo.

Kurasa zipi? Mtu kakiri.

Zilikuwepo, tena nyingi. Bibi wa posta akamwambia mpwa acha uongo, unamkingia kifua mjane kwa sababu ndiye aliyekulea. Sumu ilikuwa kwenye hamira. Na hamira siku ile ililetwa na mfamasia.

Mfamasia. Mtu wangu. Niliyemkamata tangu sura ya kwanza kwa sweta la mjukuu.

Mbuke alisubiri kitabu kifungwe ndipo akanyoosha mkono kuomba kiroba. Nikampa. Akachungulia ndani, akasema asante mzee kwa kunikusanyia. Vile vilivyojikunja atavifumua avirudie, uzi hauna kosa.

Jumanne, 17 Juni

Koti, soksi, kofia.

Shemeji kaniletea uji. Akasema ningekaa tu na kijani changu leo ningeamka nimefunikwa. Akakaa kuhakikisha nimeelewa. Nilikunywa uji.

Nimeipitia kesi yote. Kosa si langu. Kosa ni la mpwa. Kijana mzima, ana afya, anasimama mbele za watu anakiri jambo ambalo hakulifanya. Hafikirii wenzake walioko nje ya kitabu.

Alhamisi, 19 Juni

Juliana katuma kitabu kingine. Kifo katika nyumba ya wageni, washukiwa ni mpishi, mhudumu na mgeni mmoja mwenye miwani. Blanketi jingine, sheria zilezile na nyongeza moja, vipande havibadilishwi. Nyongeza hiyo naijua inamlenga nani.

Nikajitolea kwenda kupokea mzigo kwenye basi, kabla uzi mwekundu haujaugusa. Nikakaa nao kwenye benchi kituoni, raha mustarehe. Safari hii sirudii upumbavu wa kuishia mwanzo wa sura. Nikaenda moja kwa moja karatasi ya mwisho kabisa ya kitabu, ile inayopakana na jalada.

Ni Jailos, fundi baiskeli. Anafungua karakana yake alfajiri, anatazama nyuma. Nani hajui maana ya hiyo? Juu ya ukurasa wameandika "Kitabu chetu kijacho: Sura ya Kwanza." Wachapaji wa siku hizi hata kupanga kurasa hawawezi.

Huyo Jailos hayumo kwenye orodha ya washukiwa. Amefichwa vizuri sana. Hana hata rangi, nimempa zambarau. Shemeji akauliza zambarau ni ya nani. Nikamwambia atamjua siku ya mwisho, aandae tu kiroba changu. Vipande viwili tayari, na wao kitabu hawajakifungua.