Mtu Aliyekwisha Kuagwa

Jumatatu, 3 Machi

Jibu limekuja. Wamenikubali! Shamba moja ng'ambo linataka watu wa kuchuma matunda, miezi sita, chakula na malazi juu yao. Mimi si mchumaji. Mimi ni fundi cherehani, nashona kola za sare za shule, macho yenyewe yameanza kugoma. Lakini vidole ni vidole. Kilichobaki ni viza tu.

Shemeji anasema viza ni jambo dogo. Huyu ni kaka wa mke wangu, mtaani wanamwita Balozi, maana hakuna ubalozi ambao hajauingia. Wote wamemnyima. Ndiyo maana namwamini. Makosa yote anayajua.

Mke wangu kasikiliza mpaka mwisho. Kasema niende nitakako, ila nisikipoteze kiti. Kiti chenyewe ni changu cha karakana, kile cha dirishani, chenye mwanga. Kasema hicho ndicho kinachotulisha, matunda ya watu bado hatujayaonja. Nikamwambia nikirudi nitakuwa na cherehani yangu, kiti changu na dirisha langu. Kasema vizuri sana, mpaka hapo tukilinde hicho cha watu.

Hana dogo huyu mwanamke. Nimechoka kabla sijaanza.

Jumanne, 4 Machi

Balozi kaja na tai shingoni. Mazoezi ya mahojiano. Kakaa nyuma ya meza yetu ya chakula, kajifanya afisa, kaniuliza kwa sauti ya puani: nina sababu gani ya kurudi nyumbani msimu ukiisha? Anasema hilo ndilo swali, mengine yote mapambo. Wanaogopa mtu akifika kule azamie moja kwa moja.

Nikasema nitarudi kwa sababu nampenda mke wangu. Kaninyima. Nikasema watoto. Kaninyima. Nikasema mama mkwe wangu anaishi na sisi. Hapo kacheka kwanza, kisha kaninyima. Mama mkwe mwenyewe, aliyekuwa pembeni akichambua mchele, kasema hata yeye angeninyima, tena bila kuuliza maswali.

Kunyimwa viza sebuleni kwako, na mtu anayekula mkate wako! Jamani.

Mwishowe Balozi kafungua siri. Wanataka kuona kazi inayokungoja. Barua ya bosi, na bosi mwenyewe apokee simu wakipiga. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Mwenye karakana yetu tunamwita Mama Sare. Nimemfuata na maneno matamu niliyoyapanga njiani. Hakuyangoja. Kaandika barua palepale: fundi wangu atakuwa likizo bila malipo, kiti chake kinamngoja. Kasema wakipiga simu atawaambia hivyohivyo. Ila na yeye ana masharti. Nisiache kazi mpaka viza iwe mkononi. Na nisitangaze. Shule zinakaribia kufungua, oda zimejaa, na mafundi wakisikia kiti kiko wazi hakuna atakayeshona, watakuwa wanakitolea macho tu.

Nimeapa. Mimi ni kaburi.

Mwenye macho zaidi ni Pasi. Huyu anapiga pasi nguo tukishamaliza kushona, na miaka yote anakitazama kiti changu kama paka mbele ya bucha. Kila nikigeuza kola anainua shingo aone ninavyofanya. Namkinga kwa bega. Ujuzi wa kola ni wangu, atafute wake. Leo kaniuliza mbona napiga mluzi. Nikamwambia sababu ninazo. Huko si kutangaza.

Ijumaa, 7 Machi

Ubalozini. Foleni, jua, mlinzi mwenye sauti ya mkuu wa shule. Nyuma ya kioo nikamkuta dada mmoja ana mafua makali. Hakuinua uso. Kauliza lile lile swali.

Sijui nini kilinipata. Majibu ya Balozi yote yakayeyuka. Nikaanza kumweleza kiti changu. Kwamba kiko dirishani, kwamba asubuhi mwanga unaingia kwa bega la kushoto, na kola nyeupe inataka mwanga huo, ukishonea kwenye taa uzi unakudanganya. Nikasema hakuna mahali pengine duniani najua kukaa vizuri kama pale. Nikaongea mpaka mtu wa nyuma yangu akakohoa. Dada wa watu kainua uso, kanitazama. Kaandika kitu. Kasema watapiga simu kazini kwangu kuhakikisha, nirudi Ijumaa ijayo.

Nimetoka natembea kama mwenye mji! Kinyozi wa mtaani kwetu kaniona na suti, kaniuliza kulikoni. Sasa kinyozi ni mtu wa kumficha? Kanivuta kitini, kaninyoa bure, kasema hii ni ya safari. Halafu kanikumbatia. Huyu! Ambaye hajawahi kunipunguzia hata senti, siku zote ananiita "wewe mwenye kichwa kigumu". Kaniambia mtaa utapwaya bila mimi.

Lo! Sikujua mtu anayeondoka hupendwa namna hii.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeagwa. Sikupanga, naandika ukweli. Kinyozi kamwambia muuza mkaa, muuza mkaa kamwambia jirani yetu wa mkono wa kulia, na jirani akishajua jambo, redio ya nini? Kaniletea leso mpya ya kufutia machozi ya ugenini. Nilipofika karakana walishatandika kitambaa mezani. Soda. Wimbo wa kuagana, sauti mbili, cherehani zote kimya.

Ningeweza kusema bado. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Lakini wamesimama wote wananitazama, mimi, mtu ambaye akiumwa wanauliza tu kola zitaisha lini.

Pasi katoa hotuba. Kasema nimekuwa mwalimu wake. Kalia, machozi ya kweli, yanadondokea kwenye shati la watu. Mimi! Niliyemkinga kwa bega miaka yote! Roho ikaniuma, nikaona haya, nikampa mkasi wangu. Fundi haazimi mkasi wake hata kwa mkewe, mimi nimeugawa. Halafu nikamkalisha kwenye kiti, nikamwonyesha jinsi ya kugeuza kola. Kaishika mara ya kwanza tu.

Mama Sare alisimama mlangoni, mikono kifuani. Hakupiga makofi. Kaniuliza viza imetoka? Nikasema karibu. Kasema aa.

Nyumbani nimesimulia wimbo, leso, hotuba. Mke wangu kasikia neno mkasi, kanyanyuka, kaenda kufua. Nguo zenyewe zilikuwa safi.

Jumatatu, 10 Machi

Tatizo. Kazini siwezi kwenda.

Nitaendaje? Mtu nimeshaagwa! Nimeimbiwa! Niingie nimwambie nani habari za asubuhi? Mke wangu kasema niende, uso haushoni, mikono ndiyo inashona. Kanikumbusha Mama Sare alivyosema, nisiache kazi mpaka viza iwe mkononi. Kasema maneno mengine, hayo siyaandiki. Balozi yuko upande wangu: mtu akishaagwa haonekani tena, anaharibu utamu. Afadhali nijifungie mpaka Ijumaa, nitoke na viza, niondoke kweli.

Basi nimekaa ndani, pazia limefungwa. Mama mkwe kila akipita ananiuliza ndege imefika wapi.

Jumatano, 12 Machi

Sabuni imeisha. Watoto tuisheni ya likizo, mke sokoni, mama mkwe kasema yeye hatumwi na mtu aliyeko ng'ambo. Nikavaa kofia mpaka puani, nikatoka mbio.

Jirani! Uso kwa uso, mlangoni pa duka. Kapiga ukelele. Nikamwambia kwa sauti nzito kwamba mimi siye, mimi ni mdogo wake, nimekuja kuangalia familia ya kaka. Kanitazama juu, kanitazama chini. Kasema tumefanana sana. Kasema nikiongea na kaka kwa simu nimkumbushe ndoo yao hajairudisha.

Ningeokoka hapo. Lakini kitinda mimba wangu huyo, anatoka tuisheni, begi mgongoni, kaniona kutoka mbali, kaja mbio anaita baba, baba! Jirani kageuka. Nikasema baba mdogo, mwanangu, baba mdogo.

Mtoto kasimama. Kanitazama kama fundi anavyotazama kitambaa alichokikata vibaya. Kisha kanipa mkono, kasema shikamoo baba mdogo.

Tumerudi nyumbani, yeye mbele, mimi na kofia yangu nyuma. Usiku kwenye chakula kanipitishia chumvi, kaniita baba mdogo tena. Mke wangu hakucheka. Mimi nilijaribu kucheka, chakula kikanipalia.

Ijumaa, 14 Machi

Wamenikatalia.

Dada ni yule yule, mafua yamepona. Kasema walipiga simu kazini kwangu Jumanne. Bosi alikuwa ametoka kununua vitambaa. Kapokea mwanaume mmoja mwenye adabu sana. Kawaambia fundi huyo ameshaondoka, wamemuaga kwa wimbo, watu wamelia. Kasema anamwombea afike salama, akae huko huko, mambo yamnyookee, asigeuke nyuma. Kuhusu kiti, kasema wasiwe na wasiwasi. Amekikalia yeye.

Pasi! Nyoka wa pasi ya mkaa wewe! Nilitaka kusema kaongopa. Lakini ni neno gani hapo la uongo? Nimetafuta njia nzima, sijaliona.

Dada kasema pole. Kasema yale maneno ya mwanga kwenye bega la kushoto aliyapenda, hata nyumbani kwao aliyasimulia. Hilo ndilo lililonimaliza. Nimelia kwenye ngazi, mbele ya mlinzi. Leso ya jirani imefanya kazi yake, tena bila kuvuka mpaka.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda karakana. Mmoja kauliza kama ndege imeharibika.

Mama Sare kaniita pembeni. Hakufoka, afadhali angefoka. Kasema barua aliandika kiti kinaningoja, na kweli kiliningoja. Jumatatu iliyopita asubuhi nzima kilikuwa kitupu, na yeye anachungulia njia. Nani hakuja? Mchana oda zikamzidi, akamkalisha Pasi. Na Pasi anashona kola zilizonyooka, kwa mkasi wangu, kwa ujuzi niliompa mwenyewe, kwa mwanga wangu. Shule zinafungua, hawezi kumwondoa. Kama nataka, meza ya pasi iko wazi. Malipo ni nusu.

Nimechukua. Ningefanyaje? Mchana kutwa Pasi ananiletea kola nizinyooshe, anaziweka mezani kwa mikono miwili, ananiita Mwalimu. Pasi tunamwita Pasi bado. Mimi sijui nitaitwa nani.

Nimemwambia mke wangu ukweli wote. Nilijua atapiga kelele, nikajikaza. Hakupiga. Kashusha begi langu la safari, katoa lile sweta zito alilonitafutia kwa shida, kalivaa yeye, kakaa kitandani. Kasema kiti, baba watoto. Nilikuomba kiti tu. Nikamwambia nimekosa. Kasema anajua. Kisha kauliza nusu hiyo tutaianzia wapi, viatu vya mkubwa au ada ya mdogo. Nimechoka, wala si uchovu wa kulala ukaisha.

Jumamosi, 22 Machi

Leo asubuhi natoka kwenda kupiga pasi. Mke wangu kanisindikiza mpaka mlangoni, kashika ile leso, kaipunga. Kwa sauti ya mtaa mzima: safari njema baba watoto, usitusahau, ukifika salimia watu wa huko! Jirani kacheka mpaka kashika ukuta. Kitinda mimba naye kapunga, kwaheri baba mdogo. Mke wangu kasema kama kuagwa ndiko nilikokuwa natafuta, ataniaga kila siku, bure, nisihangaike nje.

Nikacheka na mimi. Mara ya kwanza wiki hii. Nimefika njia panda nasikia hatua nyuma yangu, ni yeye, kaniletea chakula nilichosahau. Kashusha sauti. Kasema rudi jioni. Nikasema nitarudi. Hakuniuliza sababu, hakutaka barua ya mtu. Kanirekebishia kola, karudi zake. Nikasimama pale njiani kama mjinga. Nikasema moyoni: wewe bwana, una nini cha kutafuta kwingine?

Jioni kaja Balozi.

Kuna nchi nyingine. Hoteli kubwa, zinataka watu wa kupiga pasi. Kupiga pasi! Kazi yangu kabisa! Si kudra hii? Na safari hii nimeshika adabu. Siri. Mke wangu nitamwambia viza ikiwa mkononi. Mtu hatajua. Hata mmoja.

Nimemwambia kinyozi tu, kwa sababu nywele zimeota. Na muuza mkaa, kwa sababu alikuwa amekaa palepale. Pasi nilikutana naye njiani, nikaona si uungwana kumficha, lazima ajue nani atamnyooshea kola. Kalia tena, masikini. Mkasi sina, nikampa futi yangu ya kupimia. Lo, alivyonikumbatia! Kasema usiku huu huu atawapigia mafundi wote, waanze kufanya mazoezi ya wimbo.

Kinachonisumbua ni kimoja tu: Jumatatu nitakwendaje kazini?