Madhumuni ya Jino la Mzee Evon

Kwa furaha kubwa natangaza kwamba anga ya Alaska sasa iko salama: hakuna tena abiria anayepaa na rubani binafsi kabla madhumuni yake hayajakaguliwa. Kazi hiyo niliifanya mimi, Dale Pruitt, Mkaguzi Mwandamizi wa Madhumuni, katika kijiji cha Nunaluk, ambako barabara hakuna na mgonjwa hupanda ndege au hulala akasubiri.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Rubani asiye na leseni ya biashara anaweza kugawana gharama ya mafuta na abiria, mradi wote wanaendea jambo moja. Wakiwa na mambo mawili, hiyo ni teksi, na teksi angani ni uhalifu.

Nilimkuta Olga Wassillie, mwalimu wa shule, akijaza mafuta kindege chake. Kando yake alisimama Mzee Evon, shavu limevimba kama andazi.

"Mjini Bethel unaendea nini, mzee?"

"Jino."

"Na wewe, rubani?"

"Kumwona dada yangu. Kajifungua."

Nikatikisa kichwa. "Mmoja jino, mwingine dada. Madhumuni hayaoani."

"Kwani na mimi nikang'olewe?" Olga akauliza.

"Ukiwa na jino bovu la kweli, sina pingamizi."

Mzee Evon akamgeukia. "Mwanangu, huyu kasomea wapi?"

"Achana naye, babu. Nakupeleka bure."

Hapo ndipo uzoefu wangu ulipofaa, maana bure nayo ina mipaka. Binti wa mzee alipoleta fungu la samaki mkavu, nikalizuia: samaki ni malipo. Mzee alipofungua kinywa kushukuru, nikamzuia pia. Shukrani humjengea rubani jina jema, na jina jema ni fidia.

"Nisiseme asante?"

"Wala usitabasamu kwa namna ya kumnufaisha."

"Nitabasamu na shavu hili?"

Olga akalipa mafuta yote mwenyewe, na mshahara wa mwalimu haukumruhusu kujaza tena. Kwa hiyo jirani yake alipovunjika mguu akivua samaki, kindege kilikuwa na tangi tupu. Alisubiri ndege ya kampuni hadi ukungu ukaondoka, na mfupa ukaunga kombo. Niliripoti makao makuu kwamba kilichovunjika ni mguu tu. Kanuni ilibaki nzima.

Haikupita muda, nikaitwa Anchorage mbele ya Tume ya Usafiri wa Anga. Napandishwa cheo, nikajua. Nikapiga pasi suti. Lakini ndege ya kampuni ikaharibika injini, na uwanjani walikuwapo Olga na Mzee Evon tu, wanafunga mikanda.

"Mwalimu, nitachangia mafuta, twende wote."

"Madhumuni yako, Bwana Mkaguzi?"

"Kufika mbele ya Tume."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu kazi yangu."

Mzee Evon akapiga paja. "Ndiyo yetu hiyo! Na sisi tumeitwa kuhusu kazi yako."

Nilichunguza pande zote. Mahali pamoja, jambo moja. Nikaidhinisha safari, nikatoa theluthi yangu taslimu.

Angani wakaanza kujizoeza ushahidi.

"Nitasema alinikataza asante," alisema mzee.

"Hapana, mzee," nikamsahihisha. "Sema: alizuia fidia isiyo ya fedha."

"Na ule mguu nitausemaje?" Olga akauliza, macho yake mbele.

"Anza na tangi, ndipo uje kwenye mguu. Chanzo hutangulia matokeo."

Sivumilii ushahidi legelege.

Mbele ya Tume walisema vizuri mno. Nilijikuta natikisa kichwa kwa kuridhika. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kupinga. Nikasimama wima.

"Sina, mheshimiwa. Kila neno nimelihakiki mwenyewe."

Akaninyooshea mkono. Nikaushika, nikautikisa kwa nguvu zote.

"Asante," akasema, "lakini nilikuwa nataka unirudishie kitambulisho chako cha kazi."