Ishirini Kasoro Moja

Lundi, tarehe 4 mwezi wa tatu

Habari kubwa! Patron wetu Gurnam, Mupunjabi mwenye kilemba cha bluu, anafungua dépôt ya pili kule Beni, commune Ruwenzori. Anatafuta chef wa kuisimamia. Hapa Butembo tuko babili tu kwenye pneus, mipira ya pikipiki: mimi Kasika, na Nadège. Nadège anajua kazi. Mimi niko na akili.

Mupango: nitahesabu pneus mbele ya patron kwa Kipunjabi. Atalia machozi. Funguo za Beni zitakuwa zangu!

Nimekwisha kushika kumi kwa telefone: ikk, do, tinn, chaar, panj, chhe, satt, atth, nau, das. Inatosha. Zingine nitaunga kama sisi: kumi na moja, kumi na mbili. "Na" yao ni te. Mutu wa Kalunguta kama mimi hapana kupoteza wakati.

Mardi, tarehe 5

Nilihesabu kwa sauti ya kanisa. Kufika das, patron akashika kifua. Nikaendelea: das te ikk, das te do... Akaketi juu ya pneu, akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Kasika, mutoto yangu, hapana! Gyaaraan. Baaraan. Teraan."

Akaeleza kama kwao kila hesabu mpaka mia iko na jina lake, na lazima uzishike kichwani moja moja. Mia! Batoto ba kule banazaliwa na vichwa gani?

Mais kitu kimoja kilinigusa. Kumi na tisa ni unni: ishirini kasoro moja. Ishirini na tisa ni unatti: thelathini kasoro moja. Batu gani bale, banasimama kwa tisa na tayari banaona kumi inakuja barabarani! Moja na nusu nayo iko na jina, dedh. Mbili na nusu, dhai. Nilizisema njia yote mpaka nyumbani. Tamu kama ndizi ya kuiva.

Nadège aliomba patron amuandikie zote mia. Masikini. Mwenye akili hapana kuandika.

Jeudi, tarehe 7

Nimefika ishirini na tisa. Nasikia Nadège eko kwa sabini. Donc nimebadilisha mupango: nitasoma maandishi. Patron anaandika commande ubaoni kwa chaki, kwa tarakimu za kwao. Zero ni kama yetu, basi nusu ya kazi imeisha.

Leo aliandika pneus za kutuma Beni, akaenda kunywa chai. Nadège alikuwa kule Beni anafagia dépôt mpya. Nikaona nane ambayo kichwa hakijafungwa, kisha zero. Haraka ya patron! Nikamusaidia: nikaifunga kwa chaki. Pneus makumi nane zikapanda camion kwenda Beni.

Samedi, tarehe 9

Haikuwa nane. Ilikuwa nne yao! Inaandikwa wazi juu, hivyo hivyo. Dépôt ya Beni iko na nafasi ya makumi nne tu. Zilizobaki zililala kwa mvua, juu ya majani ya muhogo, sombe ya jirani wa kule, mama Delphine.

Nadège, anayeniita yaya maana nimemupita miaka, alipiga simu. "Yaya Kasika, ulifunga nne ya mutu?" Nilisema réseau ni mbaya.

Patron hakupiga kelele. Alichukua chaki, akaandika nne pole pole, akaniacha niitazame. Haya ilinimaliza. Mais ni nzuri kweli, ile nne. Shingo yake!

Lundi, tarehe 11

Nadège njo chef wa Beni. Alihesabu mbele yetu kutoka ikk mpaka sau, ile mia yao, bila kukwama, hata themanini na tisa, ambayo patron mwenyewe anafikiriaka kwanza. Patron akafuta macho. Alisema kama tangu mama yake afariki, hakuna mutu alimuhesabia hivi. Nilipiga makofi kuliko bote. Mikono inaniuma bado.

Nadège alisema atanifundisha kwa simu, kuanzia thelathini.

Mardi, tarehe 12

Nilimukatalia. Sina wakati! Nimebandika karatasi kwa mulango: KASIKA, PROFESA WA KIPUNJABI. Mukendi, karani wa serikali aliyetumwa huku kutoka Kasaï, amejiandikisha. Jessica, muke wake, pia. Somo linaanza kesho.

Mpaka ishirini na tisa niko sawa. Thelathini nitaitunga mwenyewe.