Fundi Cherehani na Mita Mia Mbili Zilizopungua

Sogeeni, enyi wenye masikio, na wenye soga zao wazikunje waziweke kando, kwa maana habari hii haisikilizwi huku mtu akichambua mchele. Nitawasimulia Jumapili ile tukufu alipotoka Fundi Cherehani, mama wa pacha, mshinda jinzi na turubai, mwanamke anayeogopwa na sindano, akaenda kupigana na kilomita thelathini. Naomba nipewe pumzi ya kuimaliza, maana yeye mwenyewe pumzi ilimwishia njiani.

Jueni kwanza sababu ya vita. Kikosi chao kilikuwa cha wakimbiaji tisa, na mbio kubwa zilibakiza wiki mbili. Sheria ilitungwa na Kocha, ambaye siku za kazi ni mpima ardhi, na kwake mita ni mita hata mbele ya mama yake mzazi: asiyemaliza thelathini za mazoezi havai fulana ya kikosi, na asiye na fulana hasimami kwenye mstari. Fulana zote tisa alizishona Fundi kwa mkono wake. Nane zilikwisha kuchukuliwa. Ya tisa ilining'inia kwenye msumari juu ya cherehani yake, na wateja walipouliza ni ya nani, alijibu, "Ya mteja mmoja, hajaja kuichukua." Alijibu akicheka, lakini ilimuuma.

Mara tatu alikuwa ameshindwa, na mara zote ni palepale, kilomita ya ishirini na nne, kwenye kilima cha tangi la maji. Mara ya kwanza alirudi kwa bodaboda. Mara ya pili alirudi juu ya lori la kabichi. Mara ya tatu alimpigia simu mumewe, naye akaja na gari kwa upole mwingi, asiseme neno, jambo lililomuudhi kuliko kama angemcheka.

Basi kulipopambazuka, jeshi likatoka. Likapita mitaa iliyolala, likapita soko likifagiliwa, mbwa wakabweka mpaka wakachoka wenyewe. Kilomita ya kumi ikaanguka, ya ishirini ikasalimu amri. Ubavuni mwa Fundi alikimbia wifi yake, dada wa mumewe, mkunga hodari, ambaye kwa miaka kumi na tisa hajui kumtia mtu moyo kwa njia nyingine isipokuwa ile ya kazini.

Ndipo kilima kikasimama mbele yao, kirefu, chenye kiburi. Magoti ya Fundi yakaasi. Kiatu cha kushoto kikawa kizito kama pasi ya mkaa. Akasimama, mikono kiunoni, akakihutubia adui:

"Ewe kilima, umenila mara tatu na hukushiba! Kama ni kunishinda, nishinde nikiwa kichwani pako, si nikiwa miguuni pako!"

"Maneno mazuri, wifi, ila unamaliza pumzi," akasema Mkunga. "Ingiza puani, toa mdomoni. Usisukume bado."

"Mimi sizai, wifi!"

"Hata wanaozaa husema hivyohivyo. Pumua. Unakuja vizuri. Haya, sasa sukuma!"

Na Fundi, asijue anamtii nani, akasukuma. Wenzake waliokwisha kufika juu wakateremka tena kumchukua, wakamzunguka kama walinzi wa malkia, wakimhesabia nguzo za umeme moja baada ya nyingine. Kwenye nguzo ya kumi na nne kilima kikakosa la kusema. Fundi alilia kidogo pale juu, akasingizia jasho.

Jua likakolea. Kwenye kilomita ya ishirini na nane, wenzao wakiwa wametangulia, Mkunga akamwonea huruma: badala ya kuzunguka uzio wa yadi ya mbao, akampitisha katikati, penye kivuli, mlinzi akiwapungia mkono. Wakaingia uwanjani kwa vifijo. Wenzao walishavua viatu. Fundi akajitupa kwenye nyasi, mshindi, na Kocha akamshika mkono kutazama saa aliyovaa, ile inayohesabu mita. Uso ukambadilika.

"Kikosi," akasema kwa sauti ya hakimu, "nimepima mashamba ya ndugu waliotaka kuuana kwa hatua mbili, na sijampa mtu zaidi ya haki yake wala pungufu. Saa hii inasema kilomita ishirini na tisa na mita mia nane. Niambieni, nifanyeje?"

Mkunga akainua mkono.

"Ni mimi," akasema Mkunga, akitazama soksi zake. "Nilimkatisha yadi ya mbao. Nilimhurumia tu."

"Mpe, Kocha! Mita mia mbili ni nini?" wakapiga kelele wote.

"Nikimpa za bure," akasema Kocha, "atavaa fulana ya kuazima."

Sauti ikatoka kwenye nyasi. "Acheni kunigombania kama kitambaa cha mnada. Mimi mteja sijawahi kumpa nguo pungufu. Niinueni."

Wakamwinua. Na hakuna aliyeambiwa, lakini wote wakainuka, mwenye soksi na soksi, wa peku na peku, wakaingia vitani pamoja naye kuuzunguka uwanja. Mita mia za kwanza zilikufa kifo cha polepole. Kocha alikwenda kinyumenyume mbele yao, ameishika kwa mikono miwili ile saa aliyomvua Fundi, akipaza sauti, "Hamsini! Thelathini! Kumi!" Kisha akapiga ukelele uliorusha ndege kutoka kwenye miti: "Thelathini kamili! Simameni! Fulana ni yako!"

Kikosi kikasimama. Fundi hakusimama. Alikwenda peke yake, akichechemea, mpaka alipoukumbatia mlingoti wa goli.

Kocha akapima kwa hatua, akatoa daftari lake la kazini, akaandika kwa wino, ili vizazi visije vikabishana: Fundi Cherehani, wa mwisho kufika, kilomita thelathini na mita nne.

"Na hizi nne ni za nini?" akauliza. "Sheria haizidai."

"Fundi hakati nguo bila kuacha ya pindo," akajibu Fundi mwenyewe.

Na Kocha, ambaye hajawahi kuandika daftarini kitu kisichopimika, akaongeza pembeni: za pindo.