Bingwa wa Gemu na Mayai ya Mama Mkwe

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Nauleta hapa kwa sababu hapa hamuuoni.

Kwa wasionijua: mimi ni mzaliwa wa Funyula, upande wa Kenya, nimeolewa Buhehe, upande wa Uganda. Busia mjini nina kibanda cha gemu. Kina skrini tatu, na kwenye ile ya katikati nimefunga usukani wenye pedali tatu na gia. Usukani huo unatetemeka gari likipita kwenye mawe, na unakuwa mzito likiingia kona. Vijana hulipa kuja kucheza, na mimi huwafunga wote. (Ndiyo, mama wa mtoto mmoja. Ndiyo, nikiwa na kanga kiunoni.)

Tatizo langu ni mdomo. Usiku wa kuamkia leo tu nilikuwa mtandaoni, nabishana na watu nisiowajua kuhusu gemu ipi ina gari linaloenda kama gari la kweli. Huwa naeleza jinsi uzito unavyohamia mbele ukikanyaga breki, jinsi tairi lenye baridi linavyoteleza, jinsi mkia wa gari unavyotaka kukupita ukikosea katikati ya kona. Nimewahi kuandika, Mungu anisamehe, kwamba aliyeizoea gemu yangu hahitaji mwalimu wa udereva.

Gari la kweli niliendesha mara ya mwisho miaka sita iliyopita, siku ya mtihani wa leseni kule Kenya. Mtihani wenyewe unaanza kwa kusukuma kigari cha kuchezea juu ya ubao uliochorwa barabara. Hapo nilipata zote.

Sasa nije kwa wakwe. Mama mkwe anauza mayai. Ananunua kwa akina mama wafugaji wa Molo, huko Tororo, anawauzia watu wanaovuka kutoka Kenya kuja Busia. Mayai hubebwa na pikapu ya baba mkwe, Mzee Wandera, pikapu kuukuu yenye kiti kimoja kirefu mbele. Mzee ameingiwa na mtoto wa jicho. Jicho moja limekwisha, la pili linasuasua, na mwezi huu amesema basi, hataki kuua mtu. Kuna mnunuzi wa Malaba anakuja Jumamosi kuichukua pikapu. Ikienda, biashara ya Mama nayo imekwenda, maana mayai na bodaboda havipatani.

Mama akamwomba Mzee kitu kimoja tu. Safari moja, Mama Taaka aendeshe. (Mama Taaka ndiye mimi.) Mayai yakifika salama, pikapu haiuzwi na dereva amepatikana. Safari hiyo ilikuwa leo.

Kabla sijaendelea, kuna jambo lazima mlielewe, la sivyo hamtaelewa aibu yangu. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai bega kwa bega. Siku hizi wengi wamelegeza. Mzee Wandera hajalegeza hata nati moja. Hata kuniambia jambo haniambii, anapitia kwa Mama. Akitaka chumvi anamwambia Mama, Mama ananiambia mimi, na chumvi iko mkononi mwangu.

Mwezi uliopita walipita wote wawili kibandani. Mzee akasimama nyuma yangu, akasogeza jicho lake lililobaki karibu na skrini, akaniangalia nikishinda mbio. Kisha akamwambia Mama, nami nimekaa hapo hapo:

"Mwambie ile gari yake hapana uzito. Inageuka kama baiskeli."

Nikaumia. Nikatoa maelezo, kwa heshima zote, kupitia kwa Mama. Springi, tairi, uzito kuhama kutoka mguu huu kwenda ule, wahandisi waliopima magari halisi. Nadhani nilichukua dakika tano. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mumewe.

"Anasema iko na uzito."

Basi asubuhi tukaondoka. Pikapu ilinizimikia mara nne hapo hapo uani, kwa sababu klachi ya gemu ni hiari na ya pikapu ni ndoa. Mama alikaa katikati, Mzee dirishani. Tulipofika lami nikatulia. Tororo tukaipita, ule mwamba mkubwa wa mjini tukauacha nyuma, na nikaanza kujiona. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kwenye gemu kona unaiona kwa macho na kuisikia mikononi. Kwenye gari la kweli kona inaanzia makalioni, halafu tumboni, mikono inapata habari mwisho. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo huko mtandaoni. (Au aliniambia nikamtukana.)

Molo tulipakia trei arobaini. Mama alizipanga mwenyewe, akaweka nyasi kavu katikati, akafunga kamba. Kamba moja ilikuwa imechoka, naye akasema hataacha mayai ya watu peke yake. Atakaa nyuma ayashike. Kioo cha nyuma ya kiti kilishavunjika miaka mingi, kwa hiyo alisema tutazungumza vizuri tu, kichwa chake na vyetu viko karibu.

Maana yake mbele nilibaki na Mzee. Tuliweka kikapu katikati. Mzee alijibana mlangoni mpaka nikahofia mlango utafunguka.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na barabara ya kutoka pale hadi kwenye lami ni tope. Mzee, pamoja na jicho lake, anaijua ile barabara kwa kichwa. Akaanza kunielekeza, kwa njia yake.

"Mwambie apunguze, kuna shimo."

"Mama Taaka, Mzee anasema upunguze, kuna shimo."

Tulikuwa tumeshalipita shimo, kwa maana ya kwamba tulikuwa tumeshatumbukia na kutoka. Nikapunguza hivyo hivyo, kwa adabu, mahali palipo sawa kabisa. Trei zikasogea mbele. Mzee akamwambia Mama aniambie, sasa niongeze. Nikaambiwa niongeze nilipofika kwenye tuta.

Mnajua mtandao ukiwa mzito, unageuza usukani na gari linageuka baada ya muda? Ndivyo tulivyokwenda. Maneno ya Mzee yalitoka kwenye kona hii yakanifikia kwenye kona ijayo. Ningeweza kumwambia, Baba, nielekeze mimi mwenyewe. Lakini neno kama hilo mke wa mtoto halitoi, na mimi leo nilikuwa natafuta kupendwa.

Tukafika kwenye dimbwi kubwa. Mzee akasema, "Mwambie hapa asisimame. Akanyage mafuta."

Mama hakusikia mara moja. Alikuwa anamwitikia salamu mwanamke mmoja wa pale Molo aliyesimama na jembe kando ya barabara, na salamu za huko hazikatwi katikati. Dimbwi nikalivuka mwenyewe, vizuri, nikajipongeza. Mbele yangu kukawa na kona ya kushoto karibu na kanisa dogo la mabati, inateleza, inang'aa kama imepakwa mafuta. Nikaipangia kama ninavyoipangia kwenye gemu. Nianzie kulia kabisa, nikate ndani, nitokee kulia. Mguu ulikuwa tayari kwenye breki. Hapo Mama akamaliza salamu.

"Mama Taaka, usisimame. Kanyaga mafuta."

Mke mwema hutii. Nikakanyaga.

Mkia wa pikapu ukatuaga. Nikaona kanisa kupitia kioo cha mlango wa Mzee, ambapo halikupaswa kuwa. Na hapa naomba mniache nijisifu kidogo, maana hili ndilo la mwisho zuri katika kisa hiki. Mikono yangu ilijua. Haikuniuliza. Ikageuza usukani kule mkia ulikokuwa unakimbilia, mguu ukalegeza mafuta pole pole, pikapu ikayumba kulia, nikaikamata, ikayumba kushoto, nikaikamata tena, ikanyooka katikati ya barabara na kusimama. Kila kitu kilikwenda sawasawa na gemu. Kila kitu! Miaka yote ya kutukanana na watu mtandaoni, kumbe nilikuwa sahihi!

Nikacheka kwa sauti. Nikapiga kelele, "Umeona hiyo?"

Nikampiga Mzee Wandera kofi la furaha kwenye paja.

(Ni mazoea. Kibandani nikishinda humpiga paja yeyote aliye karibu. Naandika haya na mkono wenyewe nimeukalia.)

Mzee aliliangalia paja lake muda mrefu sana, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Kikapu kilikuwa kimeangukia miguuni mwangu. Injini ilikuwa imezima. Ndipo nikasikia kitu kinadondoka nyuma, taratibu, kama bomba lisilofungwa vizuri, nikainua macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa wima. Kilemba chake kilikuwa cha bluu asubuhi. Kiini kilikuwa kinatiririka kutoka kwenye kilemba kupita paji la uso, kinazunguka pua, kinaingia kwenye ukosi wa gauni lake la kanisani. Nyusi moja ilikuwa na kipande cha ganda. Mikononi alikuwa amekumbatia trei mbili, nzima kabisa, hakuna hata yai moja lenye ufa. Zile nyingine thelathini na nane zilikuwa zimelala kila mahali, na nyingi zilikuwa juu yake.

Uzito, ndugu zangu. Nimeandika kurasa na kurasa kuhusu uzito unavyohama. Sijawahi kuandika kwamba uzito wenyewe unaweza kuwa mama wa mtu.

Watu wa Molo hawakukawia. Yule wa jembe alifika kwanza, kisha wengine watatu, na wa tatu alikuwa amebeba sufuria. Walitupa pole kwa Kiteso, kwa Kiswahili, kwa kila lugha. Kisha, kwa kuwa mayai yaliyopasuka hayangojei, wakaomba ruhusa wakaanza kuyachota. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama tunazo na chapati.

Nilishuka nikapiga magoti kwenye tope mbele ya Mama. Nikasema tu, "Mama, nisamehe."

Alijipangusa jicho kwa kiganja. Akasema kosa si langu peke yangu, yeye ndiye aliyesema nikanyage mafuta. Nilitamani angenitukana. Kisha akaniuliza, pole pole, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Nilikuwa narushwa huko nyuma, nikasikia wewe unacheka. Ulikuwa unafurahia nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa refu, lina springi na tairi ndani yake. Nikaliangalia lile ganda kwenye nyusi yake. Huyu ndiye aliyenitetea wiki nzima. Alikuwa amewaambia akina mama wote wa Molo, pale pale wakati tunapakia, kwamba mke wa mwanawe ni dereva. Niliwasikia wakinipigia vigelegele. Nilibaki kwenye magoti naangalia tope.

Mzee akashuka. Alikuwa anatembea kama mtu mwenye paja lisilo lake. Akasema, "Mwambie ule mtu ya Malaba anakuja Jumamosi."

Nikangoja Mama aniambie. Mama hakuniambia. Alikuwa anaitazama pikapu, ametua trei zake mbili juu ya boneti.

"Hapana kuuza," akasema. "Mimi nitajifunza."

"Wewe?"

"Mimi. Mimi unaweza kukaa karibu yangu. Ukiona nakosea, unanishika mkono. Ukitaka kunigombeza, unanigombeza mimi, hapana kuzunguka."

Mzee alifikiri. Nawaambia kweli, kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliona meno ya baba mkwe wangu yakitoka kwa ajili ya kucheka. Akamuuliza na mayai nani atashika huko nyuma.

Mama akajipangusa shingo. Wakageuka wote wawili wakaniangalia.

Nimeolewa miaka saba. Katika miaka saba Mzee Wandera hajawahi kuniambia neno lolote moja kwa moja, hata pole ya msiba. Leo, mbele ya watu wa Molo na sufuria zao, alinitazama usoni kwa jicho lake lililobaki na akaliita jina langu.

"Mama Taaka. Panda nyuma."

Nikapanda. Nimerudi kutoka Molo hadi Busia nimekalia nyasi zenye ute, nimekumbatia trei mbili, Mzee anaendesha kwa mwendo wa ng'ombe na Mama anamsomea barabara kama wale wanaokaa pembeni ya madereva wa rali. Tulipita mbele ya kibanda changu. Wateja wangu wote walitoka nje. Hakuna aliyesema kitu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi kazi nimepata, tena ya kudumu, kuanzia Jumamosi. Ukiona pikapu kuukuu inatoka Molo pole pole, mbele mama mzee ameng'ang'ania usukani na mumewe amemshika mkono, huyo wa nyuma anayeyabembeleza mayai ni mimi. Nisalimie kama unavyomsalimia mfiwa, kisha upite.